Aliyeondoka na Ufunguo

Saa nane usiku, Mbale, juu ya duka la rangi.
Feni imesimama, na seva ya ushirika
imesimama pia, ila kwa namna nyingine:
haijafa. Inangoja.
Taa zake za kijani zinapepesa
kama mtu anayejifanya anasikiliza.

Nyuzi arobaini, nimezianzisha mwenyewe.
Si nyuzi za pamba, ni nyuzi za kazi,
kila uzi umebeba kilo za mkulima mmoja
wa Budadiri, wa Bududa, wa Sironko,
kahawa iliyoambuliwa, ikaoshwa, ikaanikwa,
na zote zinakimbilia daftari moja.

Jumatatu, nyuzi mbili zilisoma salio la Nambozo
katika kufumba na kufumbua kule kule.
Laki tatu, ukasema huu. Laki tatu, ukasema ule.
Huu ukaongeza hamsini elfu, ukaandika.
Ule ukaongeza ishirini, ukaandika juu yake.
Elfu hamsini za mama wa watoto wanne
zikafutika bila mwizi.
Mwizi nilimtafuta siku mbili.

Basi nikaweka kufuli. Daftari moja, ufunguo mmoja,
unaoandika ndio unaoushika, nyingine foleni.
Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja.
Hukaa, mradi mlango uwe mwembamba
na kila mmoja ajue zamu yake.
Nikalala nikijiona fundi.

Leo uzi wa kumi na saba ukakawia.
Ulikuwa unaongea na benki, benki haijibu,
mtandao wa siku ya mvua. Dakika kumi. Ishirini.
Nikasema: toka!
Nikaukata shingo kwa amri moja,
kama aliyefikiwa na mgeni anavyomkimbilia kuku.
Ukafa papo hapo, mtiifu,
ufunguo mkononi.

Thelathini na tisa zikabaki mlangoni.
Hakuna kosa kwenye skrini, hakuna maandishi mekundu.
Adabu tupu.

Nikamkumbuka Wabomba wa ghala la Nakaloke.
Msimu uliopita meneja alimfukuza mbele ya wakulima:
sasa hivi, usiguse kitu!
Wabomba hakugusa kitu. Akapanda bodaboda
akaenda zake kwao Bubulo,
funguo za ghala zikilia mfukoni mwa suruali.
Magunia sitini na mawili yalilala nje,
na mvua ya Masaba haikuuliza nani mwenye makosa.
Asubuhi meneja mwenyewe alimfuata kumbembeleza,
akimtajia jina la baba na la babu.

Angemwambia tu: Wabomba,
ukimaliza kupima gunia hilo, funga,
nipe ufunguo, kisha tuongee.

Nafuta amri ya kuua.
Mahali pake naandika bendera ndogo,
neno moja, ndiyo au siyo,
palipo njiani, ambapo kila uzi
utapita na kuitazama kati ya gunia na gunia.
Nikitaka uache, nainua bendera, basi.
Uzi utaona. Utamaliza mstari wake,
utarudisha ufunguo msumarini,
utaondoka kwa miguu yake.
Benki nayo nimeiwekea saa: nusu dakika.
Hakuna tena kungoja kwa heshima mpaka kiyama.

Na mimi mwenye amri sina ruhusa ya kuondoka kwanza.
Nakaa mlangoni nazihesabu zinavyotoka.
Salio la Nambozo: laki tatu na sabini elfu.
Nalisoma mara mbili, kwa sauti,
hakuna anayenisikia isipokuwa mlinzi wa duka la rangi.

Thelathini na saba. Thelathini na nane.
Thelathini na tisa.

Wa kumi na saba, kama kawaida yake, unakawia.
Bendera iko juu.
Nangoja.